Kodi ya ardhi: Funzo la wenyeji asilia wa Kanada kwa jamii za Kenya

HUKU serikali za kaunti zikizidi kusaka fedha za kujiendesha, kodi ya ardhi na majengo imegeuka kuwa suala linalozusha joto kali karibu kila pembe ya nchi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 209, ilizikabidhi kaunti mamlaka ya kutoza kodi hiyo. Mwaka 2024 taifa lilipata sheria mpya ya kusimamia ukadiriaji wa thamani ya ardhi na utozaji wa kodi yake, baada ya miongo mingi ya kutegemea sheria za 1956 na 1963.

Hata hivyo, katika mjadala huo wote kuna mhusika mmoja ambaye ni nadra kutajwa. Mhusika huyo ni jamii ambayo ndiyo mwenyeji wa ardhi yenyewe.

Chukua mfano wa Magadi. Magadi ya ziwa hilo imechimbwa tangu mapema katika karne iliyopita, kwenye ardhi ambayo Wamaasai waliihesabu kuwa yao kabla ya mkoloni kukanyaga nchi hii. Katika miaka ya karibuni, Kaunti ya Kajiado na kampuni ya Tata Chemicals Magadi zilivutana mahakamani kuhusu madai ya mabilioni ya shilingi ya kodi ya ardhi.

Katika mvutano wa aina hiyo, kaunti hudai, kampuni hukataa, na mahakama huamua. Mfugaji anayechunga mbuzi wake kandokando ya ziwa hana kiti katika meza hiyo. Yeye si mtoza kodi, wala si mlipa kodi. Ni mtazamaji.

Je, ni lazima mambo yawe hivyo? Zipo jamii asilia ambazo zimekataa kuwa watazamaji, na mfano ulio bayana zaidi unapatikana mbali na hapa, nchini Kanada. Mfano huo una mema yake na dosari zake, na yote mawili yanafaa kuchunguzwa na yeyote anayejali mustakabali wa ardhi za jamii nchini Kenya.

Chanzo chake Kamloops

Msomaji huenda alilisikia jina la Kamloops mnamo Mei 2021. Wakati huo jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc, katika mkoa wa British Columbia, ilitangaza kwamba uchunguzi wa rada ulikuwa umeonyesha dalili za makaburi yasiyo na alama karibu na iliyokuwa shule ya bweni ya watoto wa wenyeji. Huzuni hiyo ilienea ulimwenguni kote.

Jambo ambalo halikuenea ni kuwa jamii hiyo hiyo, zaidi ya miaka 30 kabla ya hapo, ilikuwa imeongoza mageuzi makubwa ya kifedha miongoni mwa wenyeji asilia wa Kanada.

Ili kuyafahamu mageuzi hayo, ni sharti kwanza kufahamu hali ya ardhi yao. Mwaka 1876 Bunge la Kanada lilipitisha Sheria ya Wahindi, jina ambalo wazungu waliwabandika wenyeji wa Amerika kimakosa tangu walipofika huko. Chini ya sheria hiyo, wenyeji walitengewa maeneo yaliyoitwa rizavu, na hati ya ardhi hiyo ikabaki mikononi mwa Ufalme kwa niaba yao.

Mkenya anayeijua historia yake hatashangaa. Hapa nyumbani pia Sheria ya Ardhi za Ufalme ya 1915 iliwageuza Waafrika kuwa wapangaji wasio na hakika katika ardhi za babu zao. Nao Wamaasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911.

Nchini Kanada mkono wa sheria ulikuwa mzito vivyo hivyo. Kati ya 1927 na 1951 ilikuwa hatia kukusanya fedha za kupigania madai ya ardhi ya wenyeji bila ya idhini ya serikali. Aliyetaka kumlipa wakili wa kumtetea alihitaji ruhusa ya yule yule aliyekuwa akimshtaki.

Kamloops ilikuwa na bahati moja. Rizavu yake iko ng'ambo ya mto, mkabala na mji unaoitwa kwa jina hilo hilo. Katika miaka ya 1960, jamii hiyo iliamua kukodisha sehemu ya ardhi yake kwa wafanyabiashara waliotaka kujenga maghala na viwanda.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Ili kumkodishia mtu wa nje, jamii ilitakiwa kwanza kuisalimisha ardhi hiyo kwa serikali kwa masharti. Baada ya kusalimishwa, likazuka swali: ardhi hiyo ilikuwa bado ni sehemu ya rizavu, au ilikuwa imetoka?

Wakati wanasheria wakibishana, serikali ya mkoa ilikuwa ikikusanya kodi ya ardhi na majengo kutoka kwa wapangaji hao. Jamii ilipata pango, lakini kodi, ambayo kwa kawaida ndiyo hulipia barabara, maji na zimamoto, ilikwenda kwingine. Wafanyabiashara walilipa kodi na bado wakakosa huduma. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni alikuwa amekuja na mwenyeji hakupona.

Mageuzi ya 1988

Mwaka 1984 Clarence Manny Jules alichaguliwa kuwa chifu wa Kamloops. Ieleweke kwamba chifu huko si mtumishi wa utawala kama tunavyomjua hapa, bali ni kiongozi anayepigiwa kura na jamii yake.

Jules alitafuta uungaji mkono wa jamii nyingine kote nchini, kisha akapeleka shauri lake katika Bunge jijini Ottawa. Mnamo Juni 1988 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Wahindi ambayo hadi leo yanafahamika kama Marekebisho ya Kamloops.

Marekebisho hayo yalifanya mambo mawili. Kwanza, yalitamka kuwa ardhi iliyokodishwa kwa watu wa nje inabaki kuwa sehemu ya rizavu. Pili, yalilipa baraza la jamii uwezo wa kutoza kodi kwa haki za matumizi ya ardhi hiyo, zikiwemo zile za wapangaji.

Mwaka uliofuata, bodi ya kuishauri serikali kuhusu kodi za wenyeji iliundwa, naye Jules akawa kiongozi wake. Mnamo 1990 mkoa wa British Columbia ulipitisha sheria ya kuuwezesha kujiondoa katika kutoza kodi hiyo pale ambapo jamii iko tayari kuitoza yenyewe.

Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito mkubwa. Bila ya mkoa kujiondoa, mpangaji angalitozwa mara mbili, naye angalifunga virago na kuhamia upande wa pili wa mto. Kodi ya jamii haikuwa mzigo wa ziada. Ilikuwa ni kodi ile ile iliyobadilisha mkono wa kuipokea.

Utaratibu wake

Mtu asidhani kwamba baraza la jamii huamka asubuhi na kupanga kiwango litakacho. Thamani ya ardhi na majengo hukadiriwa na wataalamu. Baraza hutunga sheria ya viwango vya kodi na sheria ya matumizi ya fedha zitakazokusanywa, na walipa kodi hupewa ilani na nafasi ya kutoa maoni yao.

Sheria hizo hupitia Tume ya Kodi ya Mataifa ya Kwanza, ambayo ni chombo kilichoundwa chini ya sheria ya fedha za wenyeji iliyopitishwa Machi 2005. Mataifa ya Kwanza ndilo jina ambalo jamii nyingi za wenyeji huko hulitumia kujitambulisha.

Anayelipa, kwa kawaida, ni mpangaji kutoka nje: duka kubwa, kiwanda, kampuni ya reli au mwenye nyumba aliyekodi kiwanja. Mwanajamii anayeishi katika ardhi ya kwao, kwa jumla, amekingwa na Sheria ya Wahindi dhidi ya kodi ya aina hiyo.

Fedha zikishaingia, hutumika kwa barabara, mabomba ya maji, taa na mifereji ya maji taka. Pale ambapo jamii haina kikosi chake cha zimamoto au mtambo wake wa maji, hutia saini mkataba na mji jirani na kuulipa kwa huduma hiyo.

Mfano wa kuvutia ni mradi wa Sen̓áḵw, katikati ya jiji la Vancouver. Mwaka 1913 wenyeji wa Squamish walifukuzwa mahali hapo na kusafirishwa kwa mashua. Baada ya kesi ndefu, walirejeshewa kipande cha ekari 10.5 mnamo 2003. Mwaka 2019 walipiga kura kuidhinisha ujenzi wa majumba marefu 11 yenye makao yapatayo 6,000.

Kwa kuwa ardhi hiyo ni rizavu, kanuni za ujenzi za jiji hazikuwafunga. Mnamo 2022 Taifa la Squamish na Jiji la Vancouver walitia saini mkataba wa huduma: jiji litoe maji, zimamoto na huduma nyinginezo, nao Wasquamish walipe. Waliofukuzwa kwa mashua wamerudi kama wenye nyumba, na jiji ni mchuuzi anayewauzia huduma.

Kukopa bila kuweka shamba rehani

Faida kubwa zaidi ya mfumo huu haipo katika kodi yenyewe, bali katika kile ambacho kodi imewezesha. Hapa ndipo jamii za Kenya zinapofaa kutega sikio.

Ardhi ya rizavu haiwezi kuwekwa rehani wala kunadiwa na mkopeshaji. Kwa miaka mingi kinga hiyo ilionekana kuwa laana, kwa sababu hakuna benki iliyokuwa tayari kukopesha jamii isiyoweza kutoa dhamana. Wenyeji walikuwa na ardhi, lakini hawakuwa na mtaji.

Sheria ya 2005 ilitafuta njia nyingine. Pamoja na tume ya kodi, iliunda bodi ya kukagua na kuthibitisha usimamizi wa fedha, na mamlaka ya kukopa kwa pamoja. Jamii inayotaka mkopo hukaguliwa vitabu vyake kwanza. Ikishapata cheti, huungana na jamii nyingine, na mamlaka hiyo huuza hatifungani katika soko la fedha kwa niaba yao wote.

Dhamana ya mkopo huo si ardhi. Dhamana ni mapato: kodi, pango na fedha nyingine zinazoingia kila mwaka. Ikiwa jamii itashindwa kulipa, kinachoguswa ni mapato yake. Shamba halipigwi mnada.

Hatifungani ya kwanza iliuzwa mnamo Juni 2014, ikiwa na thamani ya dola milioni 90 za Kanada. Tangu wakati huo mikopo iliyotolewa kwa njia hiyo imepita dola bilioni 2. Zaidi ya jamii 300, kati ya zaidi ya 630 zilizoko nchini humo, zimejiandikisha chini ya sheria hiyo kwa hiari yao.

Mapema 2021 muungano wa jamii za Mi'kmaq wa mashariki mwa Kanada ulishirikiana na kampuni nyingine kuinunua kampuni ya uvuvi ya Clearwater, katika biashara iliyofikia thamani ya dola bilioni moja. Dola milioni 250 za ununuzi huo zilitokana na mkopo wa mamlaka hiyo ya wenyeji. Watu ambao mababu zao walikatazwa hata kuchanga fedha za wakili sasa walikuwa wakinunua leseni za uvuvi kwa mamilioni.

Dosari na malalamiko

Haitakuwa haki kuusifu mfumo huu bila kutaja dosari zake, kwa sababu zipo na ni nzito.

Kwanza, uwezo wa jamii kutoza kodi una mipaka. Jamii ya Westbank, pia ya British Columbia, ilijaribu kulitoza kodi shirika la umeme la BC Hydro, ambalo nguzo na nyaya zake zinapita katika ardhi yao. Mnamo 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba kodi hiyo haikulihusu shirika hilo, kwa kuwa ni mali ya mkoa, na katiba ya nchi hiyo inakataza serikali moja kuitoza kodi mali ya nyingine.

Pili, lipo suala la uwakilishi. Katika ardhi ya Westbank, wakazi ambao si wanajamii ni wengi mara kadhaa kuliko wanajamii wenyewe. Wanalipa kodi ya nyumba zao, lakini hawapigi kura kumchagua chifu wala baraza. Malalamiko ya kutozwa kodi bila kura yamesikika mara nyingi.

Westbank, ambayo imejitawala kwa mkataba maalumu tangu Aprili 2005, iliunda baraza la ushauri linalochaguliwa na wakazi hao. Baraza hilo hutoa maoni kuhusu sheria zinazowagusa moja kwa moja. Je, maoni yanatosha pale ambapo kura haipo? Wapo wasioridhika. Lakini wapo pia wanaojibu kwamba anayekodi nyumba kwa mwenziwe hapati haki ya kuchagua mrithi wa boma.

Tatu, mfumo huu huwafaa zaidi wale walio karibu na miji. Jamii iliyoko kaskazini ya mbali, isiyo na duka kubwa wala kiwanda katika ardhi yake, haina wa kumtoza. Kwa jamii kama hizo, ruzuku ya serikali kuu imebaki kuwa tegemeo, na baadhi yao zimeishi miaka mingi bila ya maji safi ya kunywa.

Nne, kuna pingamizi la kimsingi zaidi. Wakati mswada wa fedha ulipokuwa ukijadiliwa, baadhi ya machifu waliupinga, wakihofia kuwa serikali ilikuwa ikitafuta njia ya kukwepa wajibu wake kwa kuwaambia wenyeji wajitafutie. Ndiyo maana sheria iliyopitishwa haikumlazimisha yeyote kujiunga.

Aidha, Jules alipoendelea mbele na kupendekeza wenyeji wapewe umiliki wa mtu binafsi katika rizavu, alipingwa vikali. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa marehemu Arthur Manuel, aliyekuwa chifu wa Neskonlith, jamii iliyo jirani na ya watu wa kabila moja naye. Manuel alishikilia kuwa suala la haki lilikuwa ni nchi nzima iliyochukuliwa, wala si vipande vidogo vya rizavu vilivyobakizwa.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Kutoza kodi ekari chache kwa ufanisi si sawa na kurudishiwa maelfu ya ekari zilizotwaliwa.

Mdhamini asiyeaminika

Kabla ya kurejea nyumbani, kuna kesi moja inayofaa kutajwa, kwa sababu inaeleza ni kwa nini wenyeji wa Kanada walitaka kushika daftari wenyewe.

Mwaka 1958 serikali ya Kanada, ikiwa mdhamini wa ardhi ya jamii ya Musqueam jijini Vancouver, ilikodisha ekari 162 za ardhi hiyo kwa klabu ya gofu. Jamii ilikuwa imekubali ukodishaji huo, lakini kwa masharti fulani. Maafisa wa serikali walitia saini masharti tofauti, yaliyokuwa duni zaidi, na nyongeza ya pango ikawekewa kikomo. Wenyeji hawakupata nakala ya mkataba hadi mwaka 1970.

Mnamo 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ilikuwa imevunja wajibu wake wa uaminifu, nayo jamii ikapewa fidia ya dola milioni 10.

Msomaji wa Marsabit ataiona sura yake katika kisa hicho. Ardhi ya ekari 150,000 iliyopewa mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ilitolewa wakati baraza la wilaya lilipokuwa mdhamini wa ardhi ya jamii. Mnamo Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila ya kufuata utaratibu wa kisheria, na mvutano wa kisheria ukaendelea baada ya hapo.

Iwe ni Vancouver au Loiyangalani, funzo ni lile lile. Mdhamini anayehesabu peke yake, mwishowe hujihesabia mwenyewe.

Kenya ijifunze nini?

Ni wazi kwamba mfumo wa Kanada hauwezi kung'olewa mzimamzima na kupandikizwa hapa. Katiba yetu inazitambua ngazi mbili tu za serikali zenye uwezo wa kutoza kodi: ya kitaifa na za kaunti. Jamii, hata ikiwa na hatimiliki, si serikali.

Hata hivyo, mlango haujafungwa kabisa. Sheria zetu tayari zimekubali kwamba jamii inastahili fungu lake pale ardhi inapozaa. Sheria ya Madini ya 2016 iliitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Sheria ya Petroli ya 2019 iliitengea asilimia 5, na Sheria ya Kawi ya mwaka huo huo ikaweka asilimia 5 katika mrabaha wa mvuke wa ardhini.

Ikiwa fungu limekubalika katika madini, mafuta na mvuke, ni kwa nini lisizungumzwe katika kodi ya ardhi? Bunge la kaunti linaweza kupanga katika bajeti yake kwamba sehemu maalumu ya kodi inayotokana na kiwanda, kambi ya watalii au mtambo wa umeme ulioko katika ardhi ya jamii irudi kwa jamii hiyo kwa maji, malisho na zahanati.

Jambo la pili ni mikataba. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yaidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano. Idhini hiyo haina maana ikiwa watu hawajui wanachokubali. Mkataba usomwe kwa lugha ya wenyeji, nakala ibaki kwao, na pango liwe la kukaguliwa upya kila baada ya miaka michache. Wamusqueam walisubiri miaka 12 kuuona mkataba wao. Asiwepo Mkenya wa kusubiri hivyo.

La tatu ni daftari. Hapa lazima tujisute wenyewe. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 ziliwekwa mikononi mwa wawakilishi waliochaguliwa na wanachama. Katika sehemu nyingi za Kajiado na Narok, ardhi iligawanywa kwa upendeleo. Waliokuwa na sauti walipata vipande vikubwa, na wajane na vijana waliambulia patupu. Wengi waliuza, na leo ni wapangaji katika vijiji vya baba zao.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenyeji wa Kanada hawakuruhusiwa kukopa hadi vitabu vyao vilipokaguliwa na chombo ambacho wao wenyewe walikiunda. Kamati za ardhi za jamii nchini Kenya zinapaswa kukubali nidhamu hiyo hiyo: hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, na mama wa boma la mwisho awe na haki ya kuuliza fedha zilikwenda wapi.

La nne ni mkopo. Kila jamii inayopata hatimiliki itatembelewa, mapema au baadaye, na mtu mwenye mkoba atakayewaambia waiweke hati hiyo benki. Wenyeji wa Kanada wameonyesha kuwa ipo njia nyingine: kuweka dhamana mapato, na kuungana ili riba ipungue. Jamii 10 zenye pango la uhakika kutoka kwa kambi za watalii zina nguvu kuliko jamii moja yenye hati iliyo hatarini kunadiwa.

Anayehesabu ndiye mwenye mali

Wapo watakaosema kuwa kaunti zenyewe zina njaa, na kwamba kuzigawanyia jamii kodi ya ardhi ni kuzidi kuzidhoofisha. Hoja hiyo ina uzito wake. Barabara ya kaunti hupitiwa na mfugaji pia, na zahanati ya kaunti humtibu mtoto wake.

Lakini hali ya Kanada inaonyesha kuwa kodi si lazima iwe vita baina ya majirani. Mkoa wa British Columbia ulijiondoa, na mji wa jirani ukapata mteja wa kununua huduma zake. Kilichohitajika ni kukubali kuwa mwenyeji wa ardhi ana akili ya kupanga na haki ya kuhesabu.

Kwa zaidi ya karne moja, jamii za wafugaji na wawindaji wa Kenya zimeambiwa ardhi yao ni ya Ufalme, kisha ya baraza la wilaya, kisha ya kikundi. Sasa sheria inasema ni yao wenyewe. Hatimiliki ni mwanzo mwema, lakini karatasi hailishi mtoto.

Mwekezaji atakapofika, swali la kwanza lisiwe, "Atatulipa kiasi gani?" Liwe, "Nani atakadiria thamani, nani atapokea, na nani atashika daftari?" Jamii ya Kamloops iliuliza swali hilo ikiwa na maghala machache ng'ambo ya mto, na jibu lake likabadilisha sheria ya nchi. Magadi, Loiyangalani na Bogoria hazina sababu ya kuuliza dogo kuliko hilo.